Tusomeeni hesabu: barua ya wazi kwa wabunge na madiwani wa Mkoa wa Kilimanjaro

Waheshimiwa wabunge na madiwani,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Moshi na mpiga kura, na kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kwa miaka mingi. Ninawaandikia kwa sababu ya jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu: kura zikishahesabiwa na viapo vikishaapwa, wananchi wa mkoa huu hawana mahali wala siku maalumu ya kumsikia kiongozi waliyemchagua akiwaeleza, mbele yao na kwa tarakimu, kazi waliyomtuma imefikia wapi. Ninachoomba ni kwamba kila diwani aitishe mkutano wa namna hiyo katika kata yake kila baada ya miezi mitatu, na kila mbunge afanye hivyo jimboni kwake angalau mara mbili kwa mwaka, tarehe zikitangazwa mapema ili watu wapange kazi zao. Namna chaguzi zenyewe zinavyoendeshwa ni suala zito linalostahili barua yake. Hapa nazungumzia miaka mitano inayofuata baada ya matokeo kutangazwa.

Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na ndani ya ibara hiyohiyo imeandikwa: "Serikali itawajibika kwa wananchi." Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, imekwenda mbali zaidi kwa upande wa vijiji: mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio mamlaka ya juu kabisa ya kijiji, na unapaswa kukaa kila robo mwaka. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, ambaye fedha zinazopita mikononi mwake ni kidogo kuliko za wote, ndiye aliyewekewa utaratibu wa kukutana na waliomchagua na kuwasomea mapato na matumizi. Kadiri kiongozi anavyopanda kutoka hapo, na kadiri fedha anazozigusa zinavyoongezeka, ndivyo wajibu wa kurudi kwa mpiga kura unavyozidi kuachwa kwenye hiari na uungwana wake.

Tazameni sababu zinazoweza kumfanya mbunge apoteze kiti chake kabla ya muda. Ibara ya 71 inataja, miongoni mwa nyingine, kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, na kuacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha. Chama kinaweza kumwondoa kwa kumfukuza uanachama. Wapiga kura wake, hata wakikutana wote uwanjani na kukubaliana kwa kauli moja kwamba amewatelekeza, hawawezi. Rasimu ya Pili ya Katiba, ambayo Tume ya Jaji Joseph Warioba iliikabidhi Desemba 2013 baada ya kuzunguka nchi nzima ikisikiliza maoni, iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge katikati ya kipindi na ikaweka ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Bunge Maalum la Katiba liliyaondoa yote mawili mwaka 2014, na idadi kubwa ya wajumbe walioyaondoa walikuwa wabunge. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Taveta na Namanga, waliiandika haki hiyo katika Ibara ya 104 ya Katiba yao ya mwaka 2010, ingawa sheria ya kuitekeleza imepita katika misukosuko mahakamani.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, umbali wa kilomita kama themanini tu kutoka hapa ninapoandikia, iliamua kwamba kumlazimisha raia awe mwanachama wa chama ndipo aruhusiwe kugombea ni kukiuka haki zake. Shauri hilo lilifunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila pamoja na taasisi za Kitanzania. Ibara ya 67 ya Katiba yetu bado inamtaka mbunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Nayataja haya ili nieleze kwa haki mazingira mnayofanyia kazi, waheshimiwa, maana naelewa kwamba mbunge au diwani ambaye hatima yake imo katika kura za maoni na vikao vya uteuzi vya chama chake atageuza uso upande huo. Lakini kwa kuwa sheria haikutupa sisi njia ya kuwaita mrudi, mkutano wa kutoa hesabu ndio kitu pekee kinachobaki kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na hakuna sheria inayowazuia kuufanya.

Badala ya hesabu, tumezoeshwa kupewa vitu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, wakati wa kampeni, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilikuwa vikimpa nafasi mwenye fedha na kufungua mlango wa rushwa. Ilikuwa hukumu nzuri. Hata hivyo takrima haikuondoka, ilihama tu kutoka miezi ya kampeni ikaenea katika miaka yote mitano: rambirambi msibani, jezi za timu ya vijana, mifuko ya saruji kanisani na msikitini, bahasha ya mchango wa harusi inayotangazwa kwa kipaza sauti. Mwezi Desemba, watoto wetu wanaporudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza na kila ukoo una sherehe yake, mheshimiwa anaweza kuonekana katika shughuli nne kwa siku moja, na katika zote nne hakuna anayemuuliza swali, kwa sababu si adabu kumhoji mgeni aliyekuja kukufariji au kukuchangia. Sisi wapiga kura tuna sehemu yetu katika hili. Tunapompima kiongozi kwa uzito wa bahasha yake tunamlazimisha atafute fedha za bahasha, na hatuna haki ya kushangaa baadaye tunaposikia alikozipata.

Hapa Kilimanjaro hatukuwa watu wa kutoulizana hesabu. Chama cha kwanza cha wakulima wenyeji wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, na kwa vizazi vilivyofuata mkulima mwenye migomba na mibuni michache alijua maana ya mkutano mkuu wa mwaka kuliko wasomi wengi wa leo. Nilipokuwa karani, tulikuwa tunabandika hesabu kwenye ukuta wa ghala kabla ya mkutano: kilo zilizopokelewa, bei iliyopatikana mnadani Moshi, makato ya usafirishaji, gunia, ushuru, na kiasi kinachobaki kwa malipo ya pili. Siku ya mkutano wanachama walikuja na stakabadhi zao zimefungwa kwenye pindo la khanga au kuwekwa ndani ya kitabu cha nyimbo, wakazilinganisha na tunayosoma.

Nakumbuka mwaka mmoja mama mzee, mjane, alisimama akauliza kwa nini makato ya lori yamepanda ilhali mavuno yalikuwa haba. Mwenyekiti alimjibu kwa ukali kwamba kamati imekwisha kulijadili. Mkutano ukakataa kuendelea. Hakuna aliyepiga kelele, watu walikaa tu kimya kwenye mabenchi yao wakasubiri, hadi mweka hazina akaenda ofisini kuleta faili la stakabadhi za usafirishaji, tukazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti. Safari moja ilikuwa imelipwa mara mbili. Fedha zilirejeshwa, muhtasari ukaandikwa, na mwenyekiti yule, ambaye hakuwa mwizi bali alikuwa mkali wa maneno, alichaguliwa tena kwenye uchaguzi uliofuata kwa sababu watu waliona fedha zao zimerudi. Hicho ndicho ninachotaka kukiona kwenye ngazi ya kata na jimbo.

Wazee wetu waliligusa hata lililo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, na mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, wakaitwa tena kupiga kura, na wengi wakaamua kwamba wanataka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Haidhuru mtu yuko upande gani wa historia hiyo, na koo nyingine bado zinabishana, ukweli ni kwamba mlima huu ulikwisha kumwambia mkubwa wake kwa njia ya kura kuwa cheo chake kinatoka kwa watu.

Sasa niseme ningependa kusikia nini katika mkutano huo, maana hotuba za maendeleo tumezisikia za kutosha.

Katika kijiji kimoja cha ukanda wa juu, ambacho sitakitaja ili nisimwaibishe mtu mmoja kwa kosa la wengi, kuna boma la zahanati. Wananchi walichanga fedha, wakabeba mawe na mchanga kutoka korongoni, wakasimamisha kuta hadi kwenye lenta kwa matumaini kwamba halmashauri itaezeka. Nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya kuta zimeshika kutu na kuchirizisha rangi nyekundu kwenye matofali. Ndani, mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha kujifungulia, yameota majani marefu ambayo akina mama hukata kulishia ng'ombe. Waulize wanakijiji fedha za bati zilifika wapi na kila mmoja atakupa jibu lake: zilitengwa zikahamishwa, hazikutengwa kabisa, zilitolewa zikapelekwa kata nyingine. Hakuna anayejua, na kutojua huko kumezaa chuki na uvumi dhidi ya viongozi ambao huenda hawana hatia yoyote. Diwani aliyeidhinisha bajeti ile anaweza kulimaliza jambo hili kwa dakika kumi akisimama na karatasi yenye kifungu, kiasi na tarehe.

Mbunge naye ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Hizo ni fedha za umma. Lakini mabati na saruji zinazonunuliwa kwa mfuko huo zinapokabidhiwa, mara nyingi maneno yanayosemwa ni kwamba mheshimiwa ametoa, mheshimiwa ametukumbuka, na watu hushukuru kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Naomba kila mbunge atusomee orodha ya miradi ya mfuko huo mwaka hadi mwaka, shule gani ilipata nini na kwa nini hiyo na si nyingine, na aseme wazi kwamba fedha ni zetu. Kiongozi anayeacha shukrani ya kodi ya wananchi imwangukie yeye, hata kama hakula shilingi, amechukua kitu kisicho chake, nami nalihesabu hilo kuwa kosa la maadili kamili.

Vivyo hivyo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inaitenga asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tuelezwe katika kila kata ni vikundi vingapi vimekopa, vimerejesha kiasi gani, na vilivyonyimwa vilinyimwa kwa sababu gani. Vikundi vya kubuni huundwa na kufa gizani, na vikisomwa kwa sauti mbele ya majirani havifiki mbali, kwa sababu mtaani kila mtu anamjua mwenzake.

Najua jibu ambalo madiwani wengi hutoa, na lina ukweli ndani yake. Barabara za mitaa na vijijini zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara hizo, tangu 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Kodi ya majengo, ambayo zamani halmashauri ilikuwa inaikusanya yenyewe, tangu 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye katibu wa baraza na mwenye dhamana ya fedha zake, huteuliwa na Rais wala hachaguliwi na madiwani. Diwani anabaki na lawama za mambo ambayo hana mkono nayo. Nakubali. Basi hayo nayo yasemwe mkutanoni: hili liko mikononi mwangu, hili liko kwa meneja wa wakala fulani, nilimwandikia mwezi fulani, jibu lake ni hili hapa. Meneja huyo aalikwe, aje asimame pembeni ya diwani aulizwe. Mwananchi akielewa mlango upi unamhusu nani, ataacha kumbebesha diwani mzigo wa nchi nzima, na diwani ataacha kuutumia mzigo huo kujifichia.

Wengine mtasema watu hawaji mikutanoni. Ni kweli kwamba mikutano mingi ya mitaa hujaa viti vitupu, ila sababu yake ni kwamba watu waliitwa mara kadhaa kusikiliza maagizo na kutangaziwa michango, wakauliza maswali, maswali yakaandikwa kwenye daftari la mtendaji na yasisikike tena. Mkutano unaoanza kwa kujibu maswali ya mkutano uliopita, moja baada ya jingine, utapata watu. Wengine mtahofu kwamba wapinzani wenu wa kisiasa, walio ndani ya chama chenu na walio nje, watautumia uwanja huo kuwachafua. Inawezekana. Mwenye kutegemea uvumi bila karatasi, hata hivyo, hushindwa haraka mbele ya mwenye karatasi, na mnayo nafasi ya kuwa nyinyi wenye karatasi.

Kuna suala la mali zenu ambalo nitaligusa kwa ufupi. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka mbunge awasilishe kwa Spika taarifa ya mali yake, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni kila mwaka. Matamko hayo huenda juu, kwa Spika na kwa Sekretarieti ya Maadili, na raia wa kawaida hukutana na masharti magumu akitaka kuyaona. Azimio lililotangazwa mwaka 1967, likachukua jina la mji wa jirani yetu Arusha, liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kwa azimio lililopitishwa Zanzibar mwaka 1991, nami sidai yarudi yalivyokuwa, kwa kuwa najua wengi wenu mna biashara halali mlizozijenga kabla ya siasa. Naomba tu kwamba diwani mwenye kampuni ya ujenzi au duka la vifaa aseme mbele ya kata yake kama kampuni hiyo imepata kazi kwenye halmashauri anayoisimamia. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika bungeni kila Aprili, na kwa siku chache redio zote huzungumzia mabilioni. Kisha hunyamaza. Hoja za ukaguzi zinazohusu halmashauri zetu zinaweza kusomwa kata kwa kata, kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na majibu ya mkurugenzi, na kwa kuwa vikao vya baraza la madiwani kisheria viko wazi kwa wananchi, hakuna siri inayovunjwa. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku thelathini. Wapo miongoni mwetu watakaoitumia. Ingekuwa heshima zaidi kwenu na kwetu kama hatutalazimika kuandika maombi kwa kile ambacho mwakilishi wetu angeweza kutusomea chini ya mti.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio yake hupita mikononi mwa madiwani miezi kadhaa kabla. Naomba tarehe za mikutano ya mwaka mzima zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata zote kabla ya siku hiyo, Moshi mjini na vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same, na ya kwanza iwe ya kusoma bajeti yenyewe: kata hii imetengewa nini na haikutengewa nini. Sisi wachache tuliowahi kushika vitabu vya ushirika tuko tayari kumsaidia diwani yeyote, wa chama chochote, kuziandika hesabu hizo katika ukurasa mmoja unaosomeka na kila mtu, na hatutadai posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika,
Moshi